Yeye na Pesa Zake

Fomu ya kumhamisha binti yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, siku ya mwisho darasani, shule anakokwenda, saini ya mzazi. Nilikuwa nimejipanga kujieleza, maana nilivyozoea mimi, kumtoa mtoto shule katikati ya muhula ni barua tatu na mihuri mitano. Hapa nilikuta kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta, na karani wa ofisi, mama mtu mzima aliyenizoea tangu mtoto akiwa chekechea.

Akaisoma fomu. Alipofika kwenye jina la shule mpya akainua miwani.

"Tutamkumbuka," akasema. "Yeye na pesa zake."

Akacheka. Nami nikacheka, nikaaga, nikatoka. Ilikuwa katikati ya Oktoba na maegesho yote yamejaa majani makavu. Niliingia kwenye gari, nikafunga mkanda, nikakaa tu bila kuwasha.

Pesa zipi?

Miaka sita mtoto amesoma pale, sijawahi kutoa hata senti ya ada.

## Nani anamulipaka?

Tunaishi kitongoji kimoja cha St. Paul, Minnesota. Shule aliyotoka binti yangu ni ya wilaya, ile ambayo mtoto huangukia kwa sababu ya anwani ya nyumba yake. Aliyohamia ni ya chata. Nayo ni ya umma: haitozi ada, haichuji watoto kwa mtihani, na nafasi zikizidiwa na waombaji hupigwa bahati nasibu. Tofauti ni kwamba wilaya haina kauli juu yake. Ina bodi yake, na ina mkataba na taasisi iliyoipa idhini, ambayo inaweza kuufuta mkataba ule mambo yakienda kombo.

Jioni hiyo nilimsimulia jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Bukavu. Mwanawe na binti yangu walikuwa darasa moja, la tano, na walipanda basi moja kila asubuhi. Alinisikiliza huku anakata sombe iliyoganda kwenye mfuko, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, kwa miaka yote niliyokaa huku, sijawahi kuliuliza.

"Dada, sasa kama si sisi wazazi, mwalimu nani anamulipaka?"

Yeye ana haki ya kuuliza. Kwao Kongo wazazi ndio walikuwa wakimlipa mwalimu *prime* yake mwezi hadi mwezi, na mtoto ambaye hajalipiwa alirudishwa nyumbani, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Mimi wa Tanga nimekulia kwenye hesabu nyingine: mchango wa dawati, mchango wa mlinzi, mtoto na ufagio mkononi Jumatatu asubuhi. Hata baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka inafika wapi, tunajua wenyewe.

Nikamjibu, "Serikali."

Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Serikali gani?"

## Saa tisa za usiku

Nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kati ya saa nane na saa kumi wazee wamelala na mtu unabaki na mawazo yako. Kabla ya kuja Marekani nilisomea uhasibu, na ingawa siku hizi ninachohesabu ni vidonge, ule ugonjwa haujanitoka. Nikachukua karatasi na kikokotoo cha simu.

Kwa hapa Minnesota, serikali inayolipa zaidi ni ya jimbo. Serikali kuu ya Washington huchangia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nchi nzima, kwa kawaida ni kama senti kumi katika kila dola ya shule. Jimbo lina kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi. Mwaka wa masomo wa 2024–25 kilikuwa dola 7,281. Wa 2025–26 kikawa dola 7,481. Juu ya hapo huongezwa mafungu mengine: ya watoto wanaojifunza Kiingereza, ya familia zenye kipato kidogo, ya mahitaji maalumu.

Na mtoto ana uzito. Si wa kilo. Wa chekechea hadi darasa la sita anahesabiwa kuwa mwanafunzi mmoja, wa darasa la saba kwenda juu anahesabiwa kuwa mmoja nukta mbili. Binti yangu akisikia kwamba baada ya miaka miwili atakuwa na thamani zaidi kwa sheria ya jimbo, hatutalala.

Pesa hizo haziendi shuleni kwa mkupuo wa Septemba halafu basi. Zinafuata siku alizoandikishwa. Akikaa shule moja theluthi ya mwaka, shule hiyo inapata theluthi. Kwa hiyo nilipotia saini ile fomu ya ukurasa mmoja, sikuhamisha mtoto peke yake. Nilihamisha kiasi cha dola elfu sita hivi za kiwango cha msingi zilizokuwa zimebaki kwenye mwaka wake, na mafungu mengine nyuma yake.

Karani hakuwa anatania.

Kuna sheria nyingine niliyoijua siku nyingi bila kujua sababu yake. Mtoto akikosa siku 15 za shule mfululizo, jina lake linatolewa kwenye orodha. Wenzangu wengi tumekumbana nayo: umekwenda nyumbani Desemba kuona wazazi, umekaa wiki sita, umerudi unaambiwa uandikishe mtoto upya. Tulikuwa tunanung'unika kwamba hawa watu hawajui safari ya Afrika. Kumbe jina likitoka, na hela inasimama.

## Muujiza wa 1971

Naomba nizunguke kidogo, maana bila hapa sikuelewa kitu.

Zamani shule za Marekani zilikula jasho la mtaa wake. Kodi ya majengo ya eneo ndiyo iliyojenga, ndiyo iliyolipa mishahara. Mtaa wenye nyumba za thamani ukawa na shule nzuri kwa kodi ndogo. Mtaa wa wanyonge ukajikamua na bado paa linavuja. Mwaka 1971 Minnesota ikaamua jimbo lichukue sehemu kubwa ya mzigo huo, lipandishe kodi zake lenyewe na kugawa. Gavana alikuwa Wendell Anderson, na mpango ule watu wakauita Muujiza wa Minnesota.

Texas hawakupata muujiza. Mzazi mmoja wa San Antonio, Demetrio Rodriguez, mtu wa mtaa maskini wa Edgewood, alikwenda mahakamani na wenzake kulalamikia hesabu hiyo hiyo ya kodi za nyumba. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura tano dhidi ya nne: Katiba ya Marekani, wakasema majaji, haitaji elimu kuwa haki ya msingi. Tangu hapo kila jimbo na ugomvi wake.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu miaka 20 baada ya muujiza ule, mwaka 1991, ni Minnesota hii hii iliyopitisha sheria ya kwanza ya shule za chata nchini, na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa hapa St. Paul mwaka 1992. Mimi naona mambo haya mawili yana undugu. Pesa zikishatoka mikononi mwa mtaa na kukaa kwenye chungu cha jimbo, ni rahisi kuzifunga mgongoni mwa mtoto aende nazo popote. Zikiwa kodi ya nyumba ya jirani, jirani atauliza zinakwenda wapi.

Na kuna kichekesho. Mtu aliyeipigia debe fikra hii mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, rais wa chama kikubwa cha walimu. Aliwaza shule ndogo za majaribio, walimu wakipewa nafasi ya kubuni. Baadaye akageuka kuwa mkosoaji wake. Walimu wengi wa vyama nilioongea nao hawapendi kukumbushwa.

## Nguzo katikati ya darasa

Sasa twende shule mpya.

Jengo lilikuwa duka la samani. Bado ukiingia unaona alama pale kibao kilipokuwa kimebandikwa, rangi imepauka kuzunguka herufi ambazo hazipo. Ndani wamegawa vyumba kwa kuta nyepesi, na katikati ya darasa la binti yangu kuna nguzo ya zege, nene, ya kushikilia paa. Mwalimu ameizungushia karatasi ya kahawia na matawi ya kadibodi, ikawa mbuyu. Watoto wanaokaa nyuma ya mbuyu huinamisha shingo kusoma ubao. Kila Ijumaa wanabadilishana viti ili shingo zisiumie upande mmoja.

Hakuna uwanja. Mazoezi ya viungo hufanyika kwenye maegesho, koni za rangi ya chungwa zimepangwa kuzuia magari.

Niliuliza kwa nini wasinunue jengo. Mkurugenzi, kijana mwenye haraka, alinieleza tumesimama wima kwenye korido. Shule ya chata hapa hairuhusiwi kuchukua pesa za jimbo na kununulia jengo. Inapanga. Jimbo huirudishia asilimia 90 ya kodi ya pango, lakini lisizidi dola 1,314 kwa kila mwanafunzi aliyepimwa kwa ule uzito. Nikafanya hesabu palepale kichwani: watoto 300 wa msingi, mwisho wako ni dola 394,200 kwa mwaka. Mwenye nyumba akipandisha juu ya hapo, tofauti inatoka kwenye pesa za vitabu na walimu. Nayo asilimia 10 ni yako kwa vyovyote vile.

Lakini jengo nililizoea. Kilichonikaa kooni ni jambo alilolisema mwisho, ameshageuka kuondoka:

"Sisi hatuna wapiga kura."

Nilifika nyumbani ndipo nikaelewa. Wilaya ya shule ni kama serikali ndogo. Ina mipaka, ina bodi iliyochaguliwa, na pesa za jimbo zisipotosha inaweza kuwaendea wananchi wake na kuwaomba waongeze kodi yao ya majengo kwa ajili ya shule. Wilaya nyingi za hapa hufanya hivyo. Chata haina mipaka, watoto wake wanatoka kila kona, kwa hiyo haina wa kumwomba. Ile sehemu ambayo jimbo huchangia kwenye kodi hizo humfuata mtoto. Ile wanayotoa wenyeji hubaki kwa wilaya, hata kama mtoto na wazazi wake ni wenyeji walewale.

Siku moja karani wa shule mpya alinipa fomu ya kipato. Nikamwambia chakula si ni bure kwa wote, tangu 2023? Ni bure, akasema, lakini jaza mama, tafadhali, jaza. Fomu ile haikuhusu tena sahani ya mtoto. Ilikuwa ya kuthibitisha kwamba sisi ni wa kipato kidogo, ili fungu letu lije. Mzazi aliyeona haya, au aliyedhani haina maana, amepunguza pesa bila kujua. Niliijaza nimesimama, na nilijisikia vile mtu anavyojisikia akiulizwa mshahara wake mbele ya foleni.

## Waliobaki

Kwa wiki mbili nilikuwa na amani ya mtu aliyeonewa. Binti yangu anapata pungufu, nikawa nasema. Nilimwambia kila mtu kazini. Hata bibi mmoja wa chumba cha kumi na nne, ambaye hasikii vizuri, alipata maelezo yote.

Amani hiyo ilivunjwa na kinanda. Fidla, hasa.

Mwana wa jirani yangu amebaki shule ya wilaya, na anapiga fidla ya kuazima. Nilikuwa nimezoea kumsikia kupitia sakafu saa kumi na mbili jioni, wimbo uleule, unakwaruza kama mlango wa kabati. Mwanzoni mwa Novemba nikagundua siku zimepita sijamsikia. Nilipomuuliza mama yake akasema mwalimu wa muziki amegawanywa: siku mbili shule hii, siku tatu nyingine. Somo la fidla limesogezwa, na ala zimekusanywa.

"Batoto wamepunguka," akasema. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nikarudi kwenye karatasi yangu ya saa tisa za usiku, safari hii upande wa pili. Chukua shule yenye madarasa 20. Watoto 40 wanahama, wawili kila darasa. Kwa kiwango cha msingi peke yake zimeondoka dola 299,240. Gharama gani imeondoka? Darasa lenye watoto 26 sasa lina 24. Mwalimu ni yuleyule, taa ni zilezile. Basi linapita njia ileile na viti viwili vitupu. Tanuri la kupasha joto jengo halijui kuhesabu watu. Umeokoa madaftari.

Wangehama wote 40 kutoka darasa moja na nusu, ungefunga chumba, ungehamisha mwalimu, hesabu ingekaa. Lakini watoto hawahami hivyo. Wanahama kama mchele unaovuja kwenye gunia. Basi mkuu wa shule anatafuta pa kukata, na kwa kuwa hesabu na kusoma havikatiki, anakata maktaba, mshauri nasaha, fidla.

Na bado kuna deni la chini kwa chini. Mtoto mwenye mahitaji maalumu akienda chata, gharama zisizofidiwa na jimbo hazibaki kwa chata. Sehemu kubwa yake hutozwa wilaya anakoishi mtoto, ambayo haikupanga huduma hizo wala haikukaa kwenye kikao kilichoziamua. Mkurugenzi wetu kijana hakunitajia hilo koridoni. Sikumuuliza pia.

Kwa hiyo nani anamla nani?

Kuna watu wanaosema chata zinanyonya shule za umma. Kuna wanaosema chata ni yatima wa bajeti. Nimesoma pande zote mbili, na kila upande una majedwali yake. Shida ni kwamba nikikaa na kikokotoo, wote wanasema kweli. Mwanangu anasomea nyuma ya nguzo kwa pesa pungufu, na kuondoka kwake kumemnyamazisha mtoto wa chini. Pesa zimehama na kila mtu amebaki na pungufu, na hakuna mahali nilipoona mtu amezificha.

Nina hakika nisingemrudisha. Kule alikuwa mtoto wa kimya, mwenye alama za wastani, asiye na tatizo, yaani mtoto asiyeonekana. Huku anavaa sare, anasimama kusalimia mwalimu, na ana wenzake wanne wenye bibi Mombasa. Wiki ya pili alirudi nyumbani amekasirika kwamba kuna mtu amebishana naye kuhusu sayari. Sikuwahi kumwona amekasirika kwa sababu ya sayari.

Hilo nalo ningeliweka safu gani?

## Duara la kalamu nyeusi

Tarehe 4 Novemba ilikuwa uchaguzi. Mimi nina uraia wa miaka mitatu na bado napiga kura kwa woga wa mtu anayefanya mtihani. Kwenye karatasi kulikuwa na swali moja la wilaya yetu: waongezewe pesa au la. Juu yake, kwa herufi kubwa, sheria ya jimbo inataka iandikwe kwamba ukipiga kura ya NDIYO unapiga kura ya kuongeza kodi ya majengo. Herufi ndogo zingetosha, nadhani, lakini sheria ni sheria.

Mimi si mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba wangu hana moyo wa huruma. Kodi ikipanda yeye, pango linapanda kwangu Machi. Na pesa zile hazitafika kwa binti yangu hata dola moja. Ningelipia shule niliyomtoa, huku aliko hawaruhusiwi hata kuuliza.

Nilisimama kwenye kile kibanda cha kadibodi muda mrefu hadi msimamizi akakohoa.

Nilikuwa na hoja zangu zote za kuonewa nilizomsomea bibi wa chumba cha kumi na nne. Zilikuwa hoja nzuri. Lakini kilichokuwa masikioni mwangu ni ule ukimya wa saa kumi na mbili jioni, na nilitaka kelele ile irudi chini ya sakafu yangu.

Nikajaza duara la NDIYO, nikalikoleza mpaka karatasi ikabonyea.

Nilipomwambia jirani yangu, aliuliza kama sasa fidla inarudi. Nikamwambia sijui, pesa zinaanza kuingia mwakani, na fidla haikuandikwa kwenye swali. Akatikisa kichwa. "Kule kwetu," akasema, "angalau ulikuwa unaona mwalimu anapokea."

## Tiketi

Jana nilimpigia wakala wa tiketi. Mama yangu hajamwona mjukuu tangu akiwa na miaka minne, na safari hii nimejinyima vya kutosha. Tunaondoka Jumamosi tarehe 13 Desemba.

Wakala alikuwa na tiketi nzuri ya kurudi tarehe 24 Januari, pungufu ya dola 310. Nikamwomba asubiri kwenye simu. Nikachukua kalenda ya shule mpya kutoka mlango wa friji nikaanza kuhesabu kwa kidole. Wiki ya tarehe 15 Desemba, siku tano. Likizo haihesabiwi. Tarehe 5 Januari hadi 9, tano nyingine. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Dada, upo?" akauliza.

"Nipo. Nitafutie ya kutua hapa Alhamisi tarehe 15."

"Ile ya 24 ni rahisi zaidi."

"Najua. Ijumaa ile ya tarehe 16 lazima mtoto awe darasani."

Akaniuliza kuna nini, mtihani?

Nikamwambia ndiyo, mtihani.